Komeo Lililovuka Mlango

Nyamazeni, enyi mliokaa na mliosimama! Nyamazeni, wazazi wa darasa la kwanza hata la saba, nanyi mliomaliza shule zamani mkadhani mambo yake hayawahusu tena! Zimeni redio, mwenye sufuria jikoni apunguze moto, aliyebeba mtoto ambadilishe bega, maana nawasimulia vita visivyopigwa kwa mkuki wala kwa rungu, vita vilivyodumu wiki tano, vikaitikisa Bodi ya Shule za Wilaya kutoka kwenye kengele ya Mwenyekiti hata kwenye birika la chai. Na vilipokwisha, komeo moja lenye urefu wa kidole changu cha kati lilikuwa limevuka mlango, kutoka upande wa nje kwenda upande wa ndani.

Nawe kalamu, uliyetafunwa kisogo na mjukuu wangu, usinikwamie njiani. Mimi shule niliiacha darasa la nne. Lakini niliiacha nikiwa nimeshajua kusoma kilichoandikwa, na kukisia kilichorukwa.

Jueni kwanza uwanja wa vita ulivyokuwa. Nyuma ya madarasa ya shule yetu, pembeni ya tangi la maji, vipo vyoo vya wasichana, vyumba vitatu. Kimoja kimeziba. Cha pili kimegeuzwa stoo ya madawati yaliyovunjika miguu. Cha tatu ndicho kinachowabeba wasichana wote tisini, tena bila kulalamika. Sasa, miaka miwili iliyopita Bodi ilitoa amri kwamba kila mlango wa choo uwe na komeo, na Mkaguzi apite na karatasi yake, ambayo mstari wake wa kumi na tisa unauliza: komeo lipo, au halipo? Na huyo Mkaguzi ni mtu mwenye haya kuliko bwana harusi. Choo cha wasichana hakisogelei. Husimama hatua kumi mbali, akanyoosha shingo. Basi Fundi wa Wilaya, aliyekuwa na milango thelathini na nane ya kumaliza kabla ya Ijumaa, akalifunga komeo mahali ambapo Mkaguzi angeliona bila taabu. Akalifunga nje.

Mkaguzi akanyoosha shingo, akaona, akaandika: Lipo.

Na tangu siku hiyo, mtoto akiingia ndani hana cha kujifungia, lakini mtundu yeyote apitaye nje anacho cha kumfungia.

Wasichana wakafanya kama majeshi yote yafanyavyo yakizingirwa: wakaweka mlinzi. Hakuna aliyekwenda peke yake. Mmoja aingia, mwenzake ashika mlango. Na katika darasa la tano yumo mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, ambaye Mungu alipokuwa akigawa mabega alimpa ya watu wawili. Wavulana wakimwona hukumbuka kwamba wana shughuli upande wa pili wa uwanja. Wenzake wakampa jina la Askari, na kila aliyebanwa akamtaka Askari, wala hakutaka mwingine.

Mimi nilikuwa sina habari. Nilijua tu kwamba katikati ya muhula alileta karatasi, akaiweka chini ya chupa ya chumvi kana kwamba chumvi ingeificha. Hisabati: ishirini na mbili. Chini yake mwalimu ameandika kwa wino mwekundu kwamba akishindwa kufika arobaini mwisho wa muhula, atarudia darasa.

"Wewe, njoo hapa," nikamwambia. "Hii ishirini na mbili ni namba ya nyumba ya nani?"

"Yangu, Bibi."

"Umehamiaje huko?"

Alikuwa akikwangua sufuria, hakuinua uso. "Hisabati ni baada ya mapumziko, Bibi. Na baada ya mapumziko ndiyo kila mtu anataka kwenda."

"Kwenda wapi?"

"Chooni. Mimi nashika mlango. Jana nilitoka mara sita. Mara moja ndiyo ilikuwa yangu." Akakwangua tena. "Nikitoka, mwalimu ameandika sehemu mbili ubaoni. Nikirudi, kashazijumlisha. Katikati hapo sijui kunatokeaga nini."

"Huna mdomo wa kukataa?"

"Yule anayekaa dawati la mbele alifungiwa mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Alilia mpaka akatapika. Sasa akiniomba nimwambie nini?" Hapo ndipo aliponitazama. "Nikirudia darasa, Bibi, nitakaa na wale wadogo, nitaonekana mlingoti wa bendera. Na wao pia watataka niwashikie."

Enyi mlio na wajukuu! Sikupiga kelele, sikupiga meza. Nilikunja ile karatasi mara nne, nikaitia kwenye mkoba, na hivyo ndivyo vita vinavyotangazwa nyumbani kwangu.

Asubuhi nikamwendea Mwalimu Mkuu, Shujaa wa Chaki, ambaye paa la ofisi yake linavuja juu ya kiti chake, naye amekizoea kiti kuliko anavyoiogopa mvua. Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akanena kama mtu aliyeshika usukani wa meli inayozama kwa taratibu zote:

"Bibi yangu, chaki naweza kununua. Sabuni naweza. Ufagio, nikijikaza, naweza. Lakini kila kilichofungwa kwa skrubu kwenye jengo ni mali ya Bodi. Mwenzangu aliyenitangulia alipigilia ubao kwa mkono wake mwenyewe. Leo anafundisha shule ambayo ukitaka kufika lazima uulize njia mara nne. Mimi nimebakiza miaka mitatu nistaafu. Naomba unihurumie."

"Basi waandikie Bodi walete komeo."

"Wataleta vipi kitu ambacho kwenye karatasi kipo?"

"Waandikie walihamishe."

Akatabasamu kwa huzuni. "Fomu ya kuweka ipo. Fomu ya kung'oa ipo. Ya kuhamisha, Bibi, bado hawajaitunga. Nikijaza ya kung'oa, watang'oa muhula huu. Nikijaza ya kuweka, wataweka mwaka ujao wa fedha. Hapo katikati Mkaguzi atapita na kuandika halipo, na hilo litasomeka kwa jina langu."

Nikamwona ni mateka mwenzetu, nikamsamehe. Ila alinipa siri moja, kwa sauti ya chini, akitazama dirishani: Bodi hukutana kila muhula katika shule tofauti, na muhula huu ilikuwa zamu yetu, na kwa mujibu wa kanuni, raia yeyote aliyeandikisha jina hupewa dakika tatu za kusema.

Nikaenda kujiandikisha ofisi ya wilaya. Siku ya kwanza daftari lilikuwepo, mwenye daftari hakuwepo. Siku ya pili mwenye daftari alikuwepo, daftari limefungiwa kabatini. Siku ya tatu viwili hivyo vilikutana mbele ya macho yangu, nami nilikuwa pale, juu ya benchi, kwa sababu sikuwa nimeondoka moyoni tangu siku ya kwanza. Nikaandika jina langu kwa herufi kubwa. Namba saba.

Siku ya mkutano ikafika, zikiwa zimebaki wiki mbili kabla ya mtihani. Laiti mngeuona ukumbi! Meza tano zimeunganishwa na kufunikwa kitambaa kimoja kisichozitosha. Wajumbe saba. Birika la chai lenye ukubwa wa mtoto wa darasa la kwanza. Na katikati, nyuma ya kengele ya shaba, Mwenyekiti mwenyewe, Bwana wa Kengele, Fahali wa Ajenda, aliyeketi miaka tisa bila kiti kupoa. Mkono wake wa kulia ameketi Mhazini, mama mzito mwenye miwani ya mnyororo, Mtawala wa Mafungu, ambaye walimu wakuu humwota wakila sana jioni.

Mwenyekiti akasimama mbele ya chati. "Ndugu wananchi! Wilaya yetu, iliyokuwa ya kumi na nne kati ya wilaya ishirini, leo imesimama imara katika nafasi ya kumi na saba!"

Watu wakapiga makofi, maana alisema kwa sauti ya kushinda.

Kisha akaeleza fedha: kwamba huja kutoka juu kwa kila kichwa cha mtoto, zikifika hugawanywa mafungu, na fungu moja halikopeshi jingine hata likifa. Fungu la majengo limekauka tangu mwezi wa tatu. Fungu la vitabu linasubiri sahihi. Fungu la utafiti ndilo pekee lenye uhai. "Kwa hiyo," akanguruma, "tumeamua kumleta mtaalamu kutoka mbali, atafiti kwa muda wa miezi sita fumbo linalotunyima usingizi: kwa nini wasichana wa wilaya hii hushuka katika hisabati, hasa baada ya mapumziko!"

Nikashika mkoba wangu kwa mikono miwili ili mdomo usifunguke kabla ya zamu.

"Namba saba!"

Nikasimama. Nikatembea hadi mbele, na hapo, enyi wasikilizaji, nikafanya kosa ambalo ni mtu wa umri wangu tu angelifanya. Nililelewa kwamba huwezi kumwomba mtu hata kibiriti kabla hujamjulia hali. Nikaanza kwa Mwenyekiti: hujambo baba, habari za nyumbani, habari za kazi, mama watoto mzima? Nikaenda kwa Mhazini: hujambo mwanangu, umeamkaje, na miguu je, maana nimeona unachechemea? Nikaenda kwa mjumbe wa tatu, nikagundua namjua shangazi yake, nikamwulizia na shangazi. Nilipofika kwa wa saba, nikamwuliza watoto hawajambo, yeye akiwa bado ananihesabia walioko shuleni na walioko nyumbani, kengele ikalia.

"Muda umekwisha, Bibi," akasema Mwenyekiti kwa upole mkubwa. "Bodi inashukuru. Katibu, andika kwenye muhtasari: Bibi alisalimia."

Ukumbi mzima ukacheka. Nikarudi nikakaa. Kupitia dirishani nilimwona Askari akivuka uwanja mbio nyuma ya mtoto mwembamba aliyebana magoti, na saa ya ukutani ilikuwa ya hisabati.

Mwenyekiti akatangaza chai.

Sasa angalieni jinsi mambo yalivyopangika. Mhazini alikunywa vikombe vitatu. Choo cha walimu kilikuwa kimefungwa kwa kufuli, na juu yake karatasi: Kinasubiri Fungu la Majengo. Na mimi, niliyeshindwa vita, nilikuwa nimekaa kwenye kivuli cha tangi la maji nikipunga upepo kwa karatasi ya ishirini na mbili. Nikamwona Mtawala wa Mafungu akija, kwanza kwa hatua za heshima, kisha kwa hatua za haraka, kisha bila kuhesabu hatua.

Akaufikia mlango. Akautazama mbele, akautazama nyuma.

"Mama, samahani. Hiki kinafungwaje?"

"Kwa nje, mwanangu."

"Kwa nje? Aliye ndani atafungaje kwa nje?"

"Hilo ndilo swali nililokuja nalo mbele yenu. Kengele ikanikatiza."

Alikwisha tia mguu mmoja ndani. "Nishikie basi. Lakini usiondoke!"

"Niondoke niende wapi? Mimi ni mtu wa mabenchi."

Akaingia. Nikaushika ule mlango kwa mkono wa kushoto, nikajitengeneza kilemba kwa mkono wa kulia, nikakohoa kidogo.

"Uko salama, mwanangu?"

"Niko salama. Usiuachie."

"Siuachii. Ila nina neno langu, na huku hakuna kengele."

Kisha sauti ikatoka ndani, ya hofu: "Mama, unaniteka?"

"Nakushikia mlango. Kama unaona nimekuteka, niuachie?"

"Usiuachie!"

Basi nikahutubu, wala sikusalimia mtu! Nikasema: "Ewe mwenye funguo za mafungu yote, jua kwamba hivi unavyojisikia hapo ndani ndivyo wasichana tisini wanavyojisikia kila siku, na wao hawajanywa hata chai. Asiyekuwa na mshikaji haingii. Wengine hawagusi maji tangu asubuhi, wakifika saa za hisabati vichwa vinawauma. Anayeshika mlango ni mtoto wangu. Amesomea zile sehemu za hisabati nje ya mlango huu ulioegemea mkono wangu, na wiki mbili zijazo watampima kama alikuwa ndani ya darasa. Nanyi mnataka kulipa mtu aje kutoka mbali kuuliza kwa nini wanashuka. Mwanangu, mwulize mlango."

Mhazini ni mhazini popote alipo. Nikamsikia akinong'ona hesabu. "Wasichana tisini. Tuseme dakika tatu kila mmoja, kwenda na kurudi. Na mshikaji naye dakika tatu." Akavuta pumzi. "Mama! Hizo ni saa nne na nusu za masomo kila siku, zimesimama tu nje zinashika mlango!"

"Sasa hivi zinakushikia wewe."

Alipotoka alinawa mikono kwa muda mrefu, akaitazama ile karatasi yangu ya ishirini na mbili, akalitazama lile komeo, akalifungua na kulifunga mara mbili. Kisha akarudi ukumbini kwa mwendo ambao chati iliyumba ukutani alipopita.

"Mwenyekiti! Nina hoja ya dharura. Komeo la choo cha wasichana litoke nje liingie ndani. Leo."

"Kutoka fungu lipi?" akauliza Mwenyekiti, mkono ukiielekea kengele.

"Hakuna fungu. Haligharimu kitu."

"Jambo lisilo na fungu!" Fahali wa Ajenda akasimama, akakiegemea kitambaa. "Katika miaka tisa ya kiti hiki hatujapata kupitisha jambo lisilo na fungu! Tutaliandika wapi?"

"Usiliandike popote. Kwenye vitabu vyetu komeo lipo. Likihamia ndani, litakuwa lipo. Hakuna herufi itakayoguswa."

"Na utaratibu je? Na mtaalamu je?"

Mhazini akavua miwani, ikaning'inia kwenye mnyororo. "Mwenyekiti, wewe umekunywa vikombe vingapi?"

"Viwili. Vinahusiana nini na hoja?"

"Choo cha walimu kimefungwa. Utakwenda cha wavulana. Komeo la cha wavulana liko upande gani?"

Mwenyekiti akamgeukia Fundi wa Wilaya, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe. Fundi akatazama viatu vyake.

"Nje, mheshimiwa," akasema. "Milango yote thelathini na nane."

Haijapata kuonekana hoja iliyopita upesi namna ile. Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Mwenyekiti mwenyewe. "Tuanze na wa wasichana," akaamuru, "kisha wa wavulana, na isiwe kesho!"

"Mheshimiwa," akasema Fundi, "bisibisi iko stoo ya wilaya. Mwenye ufunguo yuko likizo."

Wajumbe wakainamisha vichwa. Ndipo mimi nikafungua mkoba, na kutoka chini ya leso na dawa ya maungo nikachomoa bisibisi ya marehemu mume wangu, Upanga wa Nyumba Yetu, yenye mpini uliofungwa utepe mweusi, iliyowahi kufufua redio tatu na kitanda kimoja. Nilikuwa natembea nayo wiki tano nzima.

Tukaenda mpaka uwanja wa vita, Bodi nzima nyuma yetu. Skrubu zilikuwa sita, nne za komeo lenyewe, mbili za kile kidude cha kwenye mwimo kinachopokea ulimi wake. Fundi akazitoa tano kama mtu anayemenya karanga. Ya sita ikagoma. Ilikuwa na kutu ya miaka miwili. Akaisukuma, akaitukana kwa heshima, jasho likamdondoka, Mwenyekiti akahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mguu ule.

"Nipishe, baba," nikamwambia Fundi. "Wewe unaivuta itoke nayo haitaki. Kwanza ikaze."

"Nikaze? Bibi, tunataka itoke!"

Nikaiweka bisibisi, nikaikaza ile skrubu kidogo, kidogo sana, kwenda kule ambako yenyewe ilikuwa ikipenda. Ikalia kwi! Kutu ikakatika. Nikageuza mkono, ikanifuata nyuma mzunguko baada ya mzunguko, laini, mpaka ikaanguka kiganjani. Mjumbe mwenye shangazi ninayemjua akapiga kigelegele.

Fundi akalifunga komeo ndani. Mwenyekiti hakusubiri hotuba. Tulimwona tu mgongo, ukielekea vyoo vya wavulana, na Fundi nyuma yake anakimbia na bisibisi yangu.

Askari akaitwa kutoka darasani. Akaja na chaki kwenye vidole, maana mwalimu alikuwa amemwita ubaoni.

"Ingia ujaribu," nikamwambia.

"Bibi, mimi sina haja sasa hivi."

"Ingia tu."

Akaingia. Tukasikia: tak. Nikaweka mkono wangu juu ya mlango kwa mazoea, nikausukuma. Haukujongea.

"Bibi," akasema kutoka ndani, polepole, "unaweza kwenda. Hakuna haja ya kusubiri."

Naam, nilisubiri hata hivyo. Lakini niliuachia mlango.

Mwisho wa muhula alileta karatasi, hakuiweka chini ya chupa ya chumvi. Aliibandika kwa uji mzito wa unga aliokoroga mwenyewe uwe gundi, juu ya mlango wa chumba chetu. Hamsini na tatu. Akavuka kwenda darasa la sita na mabega yake yote.

Na muhula mpya ulipofunguliwa, Mkaguzi akapita na karatasi yake. Akasimama hatua kumi mbali, akanyoosha shingo. Mahali pa komeo akaona matundu manne matupu. Akatikisa kichwa, akashika kalamu, akafika mstari wa kumi na tisa, na kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi kuandika halipo, Mwalimu Mkuu pembeni yake akianza kuaga miaka yake mitatu, aliposita na kuita kwa haya: "Humo ndani kuna mtu?"

Ikajibu sauti ya Askari, ya kishujaa, ya mtu asiye na wasiwasi wowote duniani:

"Kuna mtu, mwalimu! Na kuna komeo!"

Mkaguzi akaona aibu, akaandika: Lipo.

Basi wekeni kumbukumbu, enyi wa leo na mtakaozaliwa: katika vitabu vya wilaya hakuna herufi iliyobadilika, palipokuwa na Lipo pamebaki na Lipo, na muhtasari wa Bodi unasema tu kwamba Bibi alisalimia. Ila siku ile ndiyo iliyokuwa ya kwanza neno hilo kuwa kweli. Sasa washeni redio zenu. Na mwenye kumwona Fundi wa Wilaya, amwambie amebakiza milango ishirini na mitano, na akimaliza aniletee bisibisi yangu.